Makofi Juu ya Jina la Nikodemu

Sura ya Saba

Eveline alikuwa jikoni akipakua wali kwenye sinia aliposikia sauti nene ya Mzee Kija kule sebuleni ikimwambia baba yake, "Sasa mkwe, mimi maneno yameniishia. Ngoja nikusikilizishe kijana wetu alivyowagaragaza wasomi wenzake."

"Usiniite mkwe kabla sijala," baba yake akajibu, na wote wakacheka.

Eveline naye alicheka peke yake, mwiko mkononi, moshi machoni. Baba yake kucheka na Mzee Kija! Kwa miaka miwili Mzee Kelestini alikuwa ameapa kwamba binti yake, mwalimu mwenye diploma, hataolewa na mtoto wa watu ambao ng'ombe wao waliingia katika mpunga wake wakaula mpaka pakabaki matope. Aliapa mezani, aliapa kwenye mashine ya kukoboa, aliapa hata njiani wakitoka misani na rozari bado iko mkononi. Kilichomziba mdomo kilikuwa picha ya gazeti. Ngusa, mwaka wa mwisho chuo kikuu, amevaa tai, ameshika ngao ya mpingo yenye bamba la shaba, na chini yake maandishi: Mwanafunzi Bora wa Sanaa. Mzee Kelestini aliikata picha ile, akaitia katika mfuko wa shati, na tangu siku hiyo "yule mchunga ng'ombe" akawa "yule kijana wa chuo."

Ndiyo maana leo, mchana wa Ijumaa, Mzee Kija, mshenga na mjomba wa kijana, alikuwa amevuka mto kutoka Lupiro, na Ngusa mwenyewe alikuwa amefuatana naye. Haikuwa kawaida mwoaji kuandamana na mshenga wake. Lakini Mzee Kelestini ndiye aliyeagiza: "Aje na ngao. Nataka kuishika."

Na alikuwa ameishika. Tangu wageni waingie alikuwa ameipakata kama mjukuu.

Eveline alichungulia kupitia pazia. Ngusa alikuwa ameketi pembeni ya mjomba wake, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, shati jeupe limemganda mgongoni kwa joto la Ifakara la mwezi wa tano. Aliinua macho wakati uleule. Macho yao yakakutana, naye akamkonyeza haraka kabla wazee hawajaona. Damu ilimpanda Eveline mpaka masikioni. Mtu huyu, akawaza, nitamla mzima mzima siku akiwa wangu.

Mlangoni, juu ya mkeka, uso umeelekea nje, alikaa Bibi Wilhelmina, mama mzazi wa Mzee Kelestini. Jana ndiyo walimtoa shambani Mofu kwa ajili ya shughuli hii, na tangu jana alikuwa akinung'unika.

"Mpunga uko kwenye maziwa, punje bado laini," alisema bila kumwangalia mtu. "Ndege hawajui kama kuna posa. Saa hizi wanakula tu."

"Mama, leo tulia," Mzee Kelestini alimbembeleza. "Sikiliza mkwe wako anavyoimba."

Mzee Kija akaitumbukiza kanda kwenye redio, akabonyeza.

Kwanza zilisikika ngoma, mbili tatu, polepole. Kisha kayamba. Kisha sauti ya Ngusa ikaingia, ile sauti yenye mkwaruzo ambayo Eveline aliipenda kuliko alivyowahi kumwambia. Akanyanyua sinia, akasukuma pazia kwa bega, akapiga hatua kuingia sebuleni.

Hakufika mbali. Ngusa alikuwa akiimba Kindamba, lugha ya kina Eveline. Msukuma wa Lupiro, anaimba Kindamba cha wazee, hakosei hata pumzi. Na wimbo ule Eveline aliujua. Aliujua kabla hajajua kusoma.

Hapana, alisema moyoni. Hapana, hapana, Mungu wangu, si huo.

Sauti kwenye kanda ilipanda, ikakatika, ikapanda tena, ikaita. Iliita jina moja, kwa kulivuta, kama mtu anayeita upande wa pili wa maji: "Nikodeeemu! Nikodeeemu!"

Na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Vigelegele. Miluzi. Mtu mmoja akapiga kelele, "Rudia!" Ngusa wa kwenye kanda akarudia. Makofi yakazidi.

Sebuleni Mzee Kija alikuwa akitikisa kichwa kwa raha. "Mnasikia? Mnasikia wenyewe? Hapo ndipo alipowamaliza!"

Bibi Wilhelmina aligeuza uso kutoka mlangoni. Aligeuka taratibu sana, mwili mzima, kama mtu anayehamisha mzigo.

"Hapo," alisema, "wamepiga makofi ya nini?"

Mzee Kija alidhani bibi kizee anataka kuelezwa. "Makofi ya kufurahi, mama. Wimbo umewaingia."

"Nimemwita mwanangu. Wao wakapiga makofi."

Eveline aliweka sinia mezani kwa kishindo hata wali ukaruka. Akainama, akabonyeza redio ikanyamaza. Alipoinuka uso wake haukuwa uso wa mtu anayeposwa.

"Nani amekupa ruhusa?" alimuuliza Ngusa.

"Eve, nilitaka nikushtukize. Nilisema siku ya leo ndiyo..."

"Nimekuuliza nani amekupa ruhusa."

"Eveline!" Mama yake, Digna, alitokea jikoni anafuta mikono kwenye kanga. "Wageni, mama! Wageni!"

"Mgeni gani huyu? Mgeni anaingia chumbani kwa mwenye nyumba anachukua kilichofichwa mvunguni, anakwenda kukivaa barabarani?"

"Mwanangu," Mzee Kija aliingilia, bado anatabasamu, maana hakuona bado alipokanyaga, "usikasirike. Wimbo huo ndio uliompa ngao. Chuo kizima, wote wanaosoma sanaa, wa ngoma, wa kuchora, wa maigizo, yeye ndiye wa kwanza. Kwa wimbo wa kwenu! Ni heshima yenu hiyo."

"Heshima yetu hatukuituma Dar es Salaam, mzee wangu. Nakuheshimu, lakini katika hili naomba unyamaze."

"Eveline!" Sasa alikuwa baba yake, amesimama, ngao kwapani. "Umekunywa nini? Miaka miwili mimi nakataa, wewe unalia. Leo mimi nimekubali, wewe unatukana mshenga?"

"Baba, umesikia lile jina?"

Mzee Kelestini alikuwa amelisikia. Nikodemu alikuwa kaka yake. Lakini aliitazama ngao, akapapasa bamba la shaba kwa kidole gumba, akasema kwa sauti ya chini, "Ni jina tu. Akina Nikodemu wako wengi."

Hapo Eveline alimwonea baba yake aibu, na aibu ile ikaongeza kuni kwenye hasira.

Bibi Wilhelmina alikuwa ameshasimama. Alikuwa anajifunga kanga kiunoni, fundo gumu, kama afanyavyo alfajiri anapokwenda kupanda dunguni kufukuza ndege wa mpunga. "Nipelekeni kwenye lori la Mofu," alisema. "Nina ndege."

Ngusa alimwahi mlangoni. Alipiga goti moja chini, sawasawa, kama alivyolelewa. "Bibi. Shikamoo, Bibi."

Bibi alimtazama juu ya kichwa. Akasubiri, akasogea kando, akampita.

Wote mle ndani walielewa. Shikamoo imetolewa na haikupokelewa. Hata Mzee Kija, ambaye mpaka hapo alikuwa bado anashangaa, alivua kofia yake akaikunja mkononi.

*

Eveline alimpakia Bibi kwenye karia ya baiskeli akaanza kukanyaga. Barabara ya kwenda stendi ilikuwa na madimbwi ya mvua za juzi, na baiskeli za watu zilikuwa zikipishana kama siafu, lakini yeye alipiga kengele kwa hasira na watu wakampisha. Nyuma yake Bibi alikuwa mwepesi kama furushi la nguo. Eveline alitamani angalau alie. Bibi hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na hilo ndilo Ngusa alilolivunja.

Mimi ndiye niliyemleta, aliwaza, akikanyaga. Mimi, kwa mikono yangu.

Mwaka jana, msimu kama huu, alimchukua Ngusa mpaka Mofu, akampandisha kwenye dungu la Bibi, kile kichanja cha miti kilichosimama katikati ya mpunga. Walikaa watatu juu pale, miguu inaning'inia, Bibi akivuta kamba za makopo kuwatisha ndege na kupiga mayowe. Ngusa aliomba nyimbo kwa ajili ya masomo yake na Bibi akampa nyingi: za kupanda, za kuvuna, za kumcheka mwanamume mvivu. Alimpenda. Alisema, "Msukuma wako ana masikio." Na jioni, ndege walipozidi, Bibi alijisahau akaimba ule mmoja. Alipoumaliza Eveline alimweleza Ngusa kila kitu, maana ulikuwa wakati wa mapenzi ambao mtu anataka kumwaga moyo wote bila kubakiza.

Alimweleza kwamba Nikodemu alikuwa na umri wa kuanza shule. Kwamba siku ile Bibi alikuwa juu ya dungu anapiga mayowe ya ndege, na mtoto alikuwa anacheza kando ya mto uliojaa. Kwamba maji yalipomchukua mtoto aliita, na majirani wa mashamba ya mbali walimsikia, lakini mama yake hakumsikia kwa sababu ya mayowe yake mwenyewe. Tangu hapo, kila msimu, Bibi humwita akiwa juu ya dungu. Kule mtu akipiga kelele kila mmoja hudhani anafukuza ndege. Hakuna anayekuja kumpa pole, hakuna anayemwambia yalishapita. Hata mabinti zake walikuwa hawajawahi kuuimba.

Ngusa alisikiliza yote yale huku amemshika mkono.

Na kisha akaenda nayo jukwaani.

Stendi, lori la Mofu lilikuwa linajaza abiria polepole, utingo akigombana na mwanamke mmoja juu ya kreti la kuku. Eveline alimsaidia Bibi kupanda, akamtafutia gunia la kukalia. Aliposhuka, Ngusa alikuwa ameshafika, baiskeli ya kuazima mkononi, matope mpaka kwenye magoti ya ile suruali nzuri, jasho linamtiririka shingoni. Mkono wa Eveline, mjinga ule, ulitaka kulifuta. Akaukunja ngumi.

"Nisikilize kwanza," Ngusa alisema.

"Nimekusikiliza kwenye kanda. Umeimba vizuri."

"Eve, mimi sikuiba. Wallahi sikuiba. Niliwaambia pale mwanzo kwamba ni wimbo wa Wandamba, wimbo wa shambani..."

"Wimbo wa Wandamba! Wandamba wangapi wanauimba? Nitajie mmoja."

Ngusa akajipangusa shingo kwa kiganja.

"Nitajie, mwanafunzi bora. Wewe si umesomea?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyie vipi? Nikupigie makofi?"

Abiria wawili walichungulia kutoka ndani ya lori. Ngusa alishusha sauti. "Babu yangu alikuwa manju wa ngoma. Unajua. Kwetu baada ya mavuno makundi mawili yanashindana uwanja mmoja, siku nzima, na mwenye kuvuta watu wengi ndiye mshindi. Babu alipofiwa na mke wake alimtungia wimbo akauimba uwanjani, mbele ya kila mtu, na watu walipiga kelele mpaka jua likazama. Ndiyo ilikuwa heshima ya bibi yangu. Wimbo usiosikiwa na watu, kwetu umekufa. Na marehemu wake amekufa mara ya pili. Nilimpeleka Nikodemu uwanjani, Eve. Nilitaka asife mara ya pili."

Alisema kwa ukweli. Hilo ndilo lilimuuma Eveline zaidi, kwamba alimwamini. Angekuwa mwongo ingekuwa rahisi, angemtema kama kokwa ya ukwaju.

"Hayo ni ya kwenu," alisema. "Sawa, mazuri. Uliuliza ya kwetu?"

"Nilimuuliza Bibi. Ile siku, wewe ulikuwa umeshuka kuchemsha chai. Nikamwomba niuimbe mjini."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, 'Huu si wa mjini.'"

"Basi!"

"Kwetu manju ukimwomba wimbo anakataa! Lazima akatae kwanza. Akikubali mara moja watu wanamdharau. Anakataa, unambembeleza, anakataa tena..."

"Ulimbembeleza?"

"Mm?"

"Kwenu anakataa, anabembelezwa. Haya. Ulimbembeleza mara ngapi?"

Ngusa akatazama matope ya viatu vyake.

"Hata la kwenu hukulifuata," Eveline alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia sasa, na utulivu ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Usije ukanisingizia mila. Mila yenu ingekurudisha kwa Bibi. Wewe ulisikia 'si wa mjini,' ukaona jukwaa, ukaona ngao, ukanyamaza. Ulijua ukimuuliza tena atakukatalia kwelikweli."

Utingo akapiga bodi ya lori. "Mofu! Mofu! Bado mtu mmoja wa kukaa!"

"Kuna jambo jingine," Ngusa alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Afadhali ulisikie kwangu. Redio wameichukua ile kanda. Jumapili mchana wataipiga, katika kipindi cha washindi."

Eveline alimtazama, halafu akageuka kulitazama lori. Juu pale, kati ya magunia, Bibi alikuwa amekaa wima, anaangalia mbele. Mofu nzima msimu huu ilikuwa juu ya madungu, na kila dungu la pili lilikuwa na redio imening'inizwa kwenye mti. Jumapili mchana Nikodemu ataitwa shamba hadi shamba, na makofi juu yake. Na majirani watainua vichwa, watautambua wimbo ambao kwa miaka yote walidhani ni wa ndege. Watakuja kwenye dungu la Bibi mmoja mmoja, na pole zao.

"Piga simu," alisema.

"Nini?"

"Ofisi ya simu ile pale, ng'ambo ya barabara. Mlango uko wazi. Piga chuoni, waambie wauzuie."

"Eve. Nikisema wimbo sikuruhusiwa, haitakuwa redio tu. Ile ngao ndiyo iliyonipa nafasi ya kubaki chuoni kufundisha. Nafasi ni moja. Wataninyang'anya vyote." Alimkaribia hatua moja. "Na baba yako? Unadhani baba yako alinipenda mimi? Alipenda ngao. Kesho nitakuwa mchunga ng'ombe tena. Tutakosana hivi hivi, mimi na wewe, mchana kweupe. Ndicho unachotaka?"

"Baba yangu alipenda ngao," Eveline alisema. "Mimi nilikupenda ukiwa na ndala zilizofungwa kwa waya. Ulivuka mto umejaa, ukaja kunisaidia kusahihisha madaftari ya watoto wa darasa la nne. Huyo ndiye ninayemdai leo. Huyo mwenye tai simjui."

Macho ya Ngusa yalijaa. Macho yale, ambayo saa moja tu iliyopita yalimkonyeza! Eveline alijiambia asiyaangalie, akayaangalia.

"Usipopiga simu ile," alisema, "mimi sitakulaani. Nitapanda baiskeli yangu nikafundishe. Na siku utakapoimba tena popote, hata kanisani, nitajua hapo palipo na sauti yako kuna mtu ameibiwa."

Alimgeuzia mgongo, akaegemea lori. Alihesabu misumari kwenye bodi ili asigeuke. Halafu nyuma yake ikasikika baiskeli ikiangushwa chini, na viatu vikikimbia matopeni.

Hakujua vinakimbilia wapi. Aligeuka tu aliposikia kelele.

Simu ya mbali siku zile haikuwa kitu cha kunong'ona. Karani alizungusha, akaita, akaita tena, na alipompata mtu wa upande wa pili sauti ilikuja kama iko ndani ya mtungi. Ili usikiwe ilikupasa upige mayowe. Kibanda kilikuwa na mlango usiofungika, na mbele yake palikuwa na foleni ya watu wenye shida zao.

"Halo! Profesa! Ngusa hapa! NGUSA!" Sauti yenye mkwaruzo ilivuka barabara nzima. "Niko Ifakara! Nasema, wimbo si wangu! Wimbo! SI WANGU!"

Watu wa foleni wakageuka wote kwa pamoja. Mwendesha baiskeli mmoja alisimama, mguu chini.

"Hapana, hajafa mtu! Nasema wimbo wa tuzo! Sikupewa ruhusa! SIKUPEWA! Mwenyewe alinikatalia!"

"Kaiba nini huyo?" mwendesha baiskeli aliuliza.

"Wimbo," alijibiwa na mama wa foleni.

"Wimbo unaibwaje? Si bado anao mwenyewe?"

"Muulize yeye, ndiye anajua."

Watu wakacheka. Ngusa, ndani ya kibanda, alikuwa amelowa shati zima. "Ndiyo, najua! Chukueni! Chukueni ngao! Lakini Jumapili redioni usipigwe! Naomba! Usipigwe, Profesa!" Akasikiliza, kidole sikio la pili. "Jina? Jina gani? La mwenye wimbo?"

Eveline alishika ubao wa lori.

"Hapana," Ngusa alisema, na kwa kuwa alilisema kwa sauti ya kawaida ilimbidi alirudie kwa mayowe. "HAPANA! Siwezi kulitaja! Kuna watu hapa! Andika ni mimi niliyekosa. Jina langu linatosha!"

Wakati huo ndipo Mzee Kelestini alipotokea, anahema, ngao kifuani, Mzee Kija akimfuata kwa mbali na kofia yake mkononi. Walikuta foleni nzima inamsikiliza mkwe wao mtarajiwa akijivua nguo kwa simu.

"Anafanya nini yule?" Mzee Kelestini aliuliza. "Anafanya nini? Atanyang'anywa hii!"

"Ndiyo, baba."

"Basi na posa imekwisha! Nimekubali mwenye ngao. Asiye na ngao sijamkubali!"

Mzee Kija alikohoa. "Mkwe, hata wali hatujala."

"Usiniite mkwe!"

"Baba," Eveline alisema, "posa itakwisha nikisema mimi. Na leo sijasema kitu. Mrudishie mwenyewe ngao yake akairudishe." Akanyoosha mikono. Mzee aliing'ang'ania kidogo, kisha akaiachia, akageuka kando, akitoa leso kujifuta jasho, au kitu kingine.

Ngusa alitoka kwenye kibanda. Watu wa foleni walimpisha, wengine wakitabasamu, mmoja akimpiga begani. Alivuka barabara kama mtu aliyetoka kwenye homa. Alipofika mbele ya Eveline alisimama.

"Ameahidi atauzuia," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Jumatatu nipeleke ngao mbele ya kamati."

"Vizuri."

"Na wewe?"

"Mimi nina hasira."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Ni nyingi. Usinihimize." Akamsukumia ngao kifuani. Vidole vyao vikagusana juu ya bamba la shaba, naye hakuviondoa haraka kama alivyokusudia.

Ngusa alimpita, akaenda mpaka ubavuni mwa lori. Akapiga goti pale pale kwenye matope, ngao chini ya mkono, mbele ya utingo na kuku na foleni nzima ya simu.

"Shikamoo, Bibi."

Injini ilikuwa imeshawashwa. Bibi Wilhelmina aliinama juu ya bodi, akamtazama kwa muda mrefu, safari hii usoni.

"Una sauti kubwa," alisema. "Nimekusikia mpaka huku."

"Ndiyo, Bibi."

"Sauti hiyo ndege wataiogopa. Dungu la pili halina mtu msimu huu. Utapiga makopo na utapiga mayowe, na midomo ya kuimba utaiacha Lupiro."

"Ndiyo, Bibi."

Lori likaanza kuondoka. Ngusa alikuwa bado amepiga goti, uso juu, anangoja neno lake. Bibi alikaa sawasawa kwenye gunia lake, akajifunga vizuri kanga, akasema bila kugeuka:

"Marahaba yako iko Mofu. Njoo uichukue mwenyewe."